Ada ya Kulipia Ada

Mtu akinitoza pesa kwa kosa la kumpa pesa, damu inanichemka mpaka leo. Ugonjwa huo niliupata chuoni, Temeke, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vitu vipya vilipokuwa vinaingia mjini kila kukicha na kila kimoja kinakuja na bei yake.

Nilikuwa nasomea uhazili. Ada alikuwa ananilipia shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa anakaanga samaki na kuuza pale Mtoni. Kila muhula tulikwenda kulipa wote wawili, maana hakuwa tayari kumkabidhi msichana fedha nyingi namna ile, hata kama msichana mwenyewe ndiye anayesoma. Keshia alihesabu noti, akaandika stakabadhi kwa mkono, akagonga muhuri, tukaondoka. Noti zilinuka samaki, lakini hakuna aliyewahi kuzikataa.

Muhula wa mwisho tukakuta chuo kimenunua kompyuta. Moja. Ilipewa chumba chake peke yake, chenye zulia, pazia zito na kiyoyozi, wakati sisi wanafunzi tulikuwa tunapiga taipu kwenye banda la mabati, jasho linadondokea karatasi. Walikuwa wameifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya bwana harusi. Mlangoni waliandika: VUA VIATU. Tuliambiwa vumbi linaiua. Basi mle ndani kila mtu alitembea na soksi au miguu mitupu, keshia akiwemo, na viatu vyote vilibaki barazani kama msikitini siku ya Ijumaa.

Shangazi akavua kandambili, akaingia, akaweka fungu lake la noti mezani. Keshia, kijana mpole mwenye miwani, akazihesabu.

"Ada imetimia, mama," akasema. "Bado gharama ya kompyuta."

"Mie sijaja kununua kompyuta."

"Si ya kununua. Ni ya kupokelea ada. Siku hizi ada zote zinapokelewa kwa kompyuta."

"Muhula uliopita ulipokea kwa mkono. Mkono umeuuza?"

Keshia akaeleza kwamba ni utaratibu mpya, kwamba mashine inatumia umeme, wino na karatasi maalumu. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole ambao mie niliujua na kuuogopa.

"Na hiyo gharama ya kompyuta, nayo inapokelewa na kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nayo ina gharama yake?"

Kijana akaitazama mashine kana kwamba itamsaidia kujibu. Akasema hilo itabidi amuulize mkuu wa chuo.

Watu kwenye foleni walicheka. Mie sikucheka. Mtihani wa mwisho ulikuwa kesho yake asubuhi, na msimamizi hakumruhusu mtu kuingia bila stakabadhi. Tulikuwa na ada kamili na nauli ya kurudi Mtoni, basi. Gharama ile ilikuwa mauzo ya karai zima la samaki, na samaki wa siku hiyo walikuwa wameshauzwa na kuingia kwenye ada. Nikaanza kumbembeleza keshia.

"Ningekuwa na uwezo ningekusaidia, dada yangu," akanijibu, na safari hii, kwa kuwa alisema taratibu, lafudhi yake ya bara ikasikika.

Shangazi akainua kichwa. "Baba, wewe mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi hasa."

Uso wa shangazi ukakunjuka. Sisi ni Wazaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kushuka pwani. Mtani wako anaweza kukutukana, anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe, na ukikasirika, wewe ndiye usiye na adabu.

"Kumbe nabishana na mtumwa wangu," shangazi akasema. "Babu yako alifika kwetu na mizigo kichwani, ulimi nje, tukamnywesha maji ya kisimani. Yale maji hamjalipa mpaka leo."

Keshia akavua miwani akacheka. "Nyie Wazaramo mngekuwa mnalipa ada kama mnavyocheza ngoma, chuo hiki kingejaa kompyuta."

"Viatu vyako vipi pale nje, mtani?"

"Vile vyeusi vya kamba," akajibu yule maskini wa Mungu, bila kufikiri.

Shangazi akatoka. Akarudi na vile viatu amevifunga kwenye khanga yake ya juu, fundo limekaa kiunoni, naye akakaa kitako juu ya zulia.

"Nimekutunzia," akasema. "Hapo nje hapana usalama. Sasa kuna gharama ya kutunza."

"Kiasi gani?"

"Sawasawa na ya kompyuta."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Keshia akaomba, akatishia kumwita mlinzi, mlinzi mwenyewe akawa anacheka mlangoni. Kukasirika hakuweza, utani haumruhusu. Kurudi kwake Mbagala na soksi hakuweza, na soksi yenyewe ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Mwisho akajipapasa mifukoni, akatoa pesa. Shangazi akalamba kidole, akazihesabu bila haraka, akaziweka juu ya zile za ada.

"Haya. Na hiyo ndiyo gharama yako ya kompyuta. Pokea."

Keshia akaifunua mashine na kubonyeza herufi mojamoja kama anayedonoa mchele. Printa ikapiga kelele, stakabadhi ikatoka. Akapewa viatu vyake. Nyuma yetu foleni nzima ikawa ya watani. Mwanafunzi mmoja wa Kichaga naye akadai haki yake.

"Mchaga na mimi utani umeanza lini?" keshia akauliza.

"Leo."

Keshia akavaa viatu, akafunga kamba, akabaki navyo hapo hapo juu ya zulia. Vumbi na lije. "Anayefuata," akasema, na hakuwa anacheka tena.

Kesho yake nilionyesha stakabadhi mlangoni, nikafanya mtihani, na nilitoka nikiwa na furaha. Kwenye ngazi nikamkuta msichana aliyekuwa nyuma yetu foleni, amekaa, kalamu mkononi. Ada yake alikuwa ameileta kamili, akarudi nayo nyumbani vile vile kwa kukosa gharama ya kompyuta, na bila stakabadhi msimamizi alikuwa amemzuia mlangoni. Akaniuliza swali la kwanza lilikuwa nini. Kicheko cha jana chote kikaniisha mwilini. Nikakaa karibu yake nikamsomea karatasi ya maswali, naye akajibu swali moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.