Uso wa Marehemu Mke Wangu

Wanaoanza kuchora huambiwa wawe na subira. Ushauri huo naupinga. Subira ni ya mwenye muda, nami uso wa marehemu mke wangu ulikuwa ukinitoka kichwani siku hadi siku, wala sikuwa na picha yake hata moja.

Niweke kumbukumbu sawa. Picha zake zilikuwa ndani ya simu, na simu iliibwa msibani, waombolezaji wakiwa bado uani. Picha pekee iliyosafishwa studio, ndugu waliibandika msalabani na kuifunika nailoni. Nilipinga. Nikaambiwa kwamba ndiyo desturi. Mvua za kwanza zilipopita nilikwenda makaburini, nikakuta karatasi nyeupe yenye madoa ya buluu.

Nilifanya kazi ya masijala hadi nilipostaafu. Mkono wangu umezoea rula. Nilinunua penseli, nikawa nachora kila asubuhi barazani. Jicho, nafuta. Pua, nafuta, mpaka karatasi inatoboka. Ajabu ni kwamba masijalani kufuta kulikatazwa: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, ukatia saini pembeni, ili ajaye aone kilichokosewa. Nilipolikumbuka hilo niliacha kufuta, na mstari uliokosewa ukaanza kunionyesha unaofuata upite wapi. Anayeanza na achukue hilo. Sina lingine la uhakika.

Lakini uso haukuja. Nilikwenda mtaa wa Shanwe kwa kijana anayechora mabango ya saluni.

"Mzee, kichwani hamna mtu wa kuchora," alisema. "Tafuta anayefanana naye, akae mbele yako."

Nikamwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kutoka Karema. Alikuja na migebuka mikavu, samaki wa kwao ziwani, akaketi nilipomwonyesha.

"Shemeji, naruhusiwa kucheka?"

"Hapana."

"Dada angekuona na hiyo penseli angekuandikisha chekechea."

Mchoro ule ulitoka vizuri kuliko yote. Kesho yake nilifumba macho nimtafute mke wangu, na aliyekuja alikuwa shemeji. Kile kidogo nilichobakiwa nacho nilikuwa nimekifunika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilirudi Shanwe kwa hasira, nikamwuliza yule kijana kwa nini hakunionya.

"Mzee wangu, mimi nachora mitindo ya nywele," akanijibu taratibu. "Sijawahi kufiwa na mteja."

Nilirejea nyumbani, nikakaa barazani nikilia bila kujificha. Shemeji alichukua ungo, akaanza kuchambua mchele wa jioni.

"Sivyo," nilisema ghafla. "Yeye ungo aliuegemeza kwenye goti."

"Hivi?"

"Na kichwa kilale kushoto. Zaidi. Mpaka kitambaa kikaribie kuanguka."

"Dada alikuwa anaumiza shingo yake bure," alinung'unika, lakini aliinama.

Nikashika penseli. Shingo ilikuja, na bega, na kidole cha shahada kikisukuma kijiwe pembeni. Vitu hivyo havikuwa vya shemeji. Nilivijua.

Alisimama nyuma yangu, akautazama mchoro.

"Ni yeye," alisema. "Na uso?"

"Ameinama."

"Kwa hiyo hauonekani kabisa?"

Nikachukua karatasi nyingine. Tangu siku ile nimejaza karatasi nyingi, bila kufuta mstari hata mmoja. Katika zote anachambua mchele, nami nakaa mbele yake kila asubuhi nikisubiri ainue kichwa.