Mpimaji wa Vidau

Karani anayepima vyombo hapa gatini hana salamu ndefu. Hubana ncha ya tepu kwa dole gumba lenye ukucha uliopasuka, huivuta mpaka ikaze, kisha husoma kwa sauti kavu: "Tatu na themanini. Kidau tu." Kidau, kwake, ni chombo kisichofika mita nne, cha kupeleka mabaharia kwenye meli iliyotia nanga na kuwarudisha. Hakipewi namba, na kisicho na namba kikipotea hakitafutwi. Wenye vidau humbembeleza weee, hajawahi kumwongezea mtu hata sentimita.

Jana alikuja mke wa mpiga makasia mmoja.

"Kaka, shemeji yako hajarudi tangu juzi."

"Chombo chake kina namba?"

"Si ulimnyima mwenyewe?"

Akachukua tepu, akamfuata hadi kwenye matope kidau kilipokuwa kikilazwa. Alama kiliyoiacha matopeni ilikuwa bado ipo. Akapiga goti, akaipima polepole. Nilikuwa nyuma yake, nikaona: tatu na sitini. Maji yalikuwa yakijaa, yameanza kuingia kwenye alama.

"Nne kamili," akasema kwa sauti ile ile kavu, akaandika.