Sauti ya Kulinda Maksai

Mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa, mama yangu alikuwa akitafuta sauti. Yake alikuwa ameipoteza kwenye matanga ya baba. Alilia hadi koo likafunga, na lilipofunguka likamwachia mnong'ono tu, kama wa mtu anayeongea nyuma ya mlango. Kwa mnong'ono huo aliniita kula, alinigombeza, alisali. Lakini wezi wa ng'ombe hawafukuzwi kwa mnong'ono.

Boma letu lilisimama peke yake kilimani, upande wa Migori unaoelekea Ntimaru. Tulibaki wawili. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya bonde, mzee Mkuria tuliyezungumza naye Kiswahili, maana yeye hakujua Kidholuo na sisi hatukujua Kikuria. Tangu baba azikwe wezi walikuwa wameshatutembelea, na zizini walituachia maksai wawili. Bila hao hakuna wa kuvuta plau, na bila plau mama angerudi kwao Rusinga, akaishi nyuma ya jiko la mtu mwingine.

Mbwa tulikuwa naye. Wakamtupia nyama yenye sumu. Mama akaleta kanga, kwa kuwa kanga halali fofofo. Walipiga kelele kweli: kwa nyoka, kwa mwezi, kwa jani lililodondoka. Haikuchukua muda tukazoea kulala katikati ya makelele yao. Hapo mama akatambua kwamba kuamka sisi hakutoshi. Lazima jirani aamke.

Basi tukafanya majaribio mchana. Nilivuka bonde nikaketi uani kwa mzee, na mama akabaki kilimani akipiga kila alichokuwa nacho. Kwanza debe.

"Nasikia kama mtu anaosha sufuria," mzee akasema.

Kisha kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini.

"Hiyo ni ya shule. Nikisikia hiyo natuma watoto, mimi nabaki na uji yangu."

Kisha pembe ya baba. Mzee akavua kofia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mzee. Ni mama anajaribu."

"Mwambie asijaribu hiyo! Nikisikia hiyo nitakuja pole pole na kiti yangu, nikae matanga."

Nilipanda kilima nikiwa na majibu hayo. Kila sauti iliyoweza kuvuka bonde lile ilikwisha kuwa na mwenyewe: chuma ni cha shule, pembe ni ya kifo. Haikubaki hata moja ya mjane.

Siku chache baadaye, jua likiwa bado juu ya mtama, watu watatu walitoka vichakani wakafungua lango la zizi kana kwamba ni lao. Mama alifungua mdomo. Niliona mishipa ya shingo yake ikisimama, na hakikutoka kitu ila pumzi. Sijui nilianzaje. Nilipiga nduru, ukelele ambao mwanamke wa kwetu hapigi ila maafa yamefika mlangoni, nikaipiga tena na tena hadi masikio yangu yakaziba. Kilima kimoja kikaitikia, kisha kingine. Watu wakamiminika na mikuki na marungu, mzee akiwa mbele, suruali kaikunja magotini. Wale watatu wakakimbia mikono mitupu.

"Mama," mzee akasema, akitweta na kucheka, "wewe unapiga madebe, na kengele unayo ndani ya nyumba! Huyu usiache aende mahali."

Wote wakacheka isipokuwa mama. Januari ilikuwa inakaribia, na nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni Homa Bay. Sare yangu ilikuwa imekunjwa chini ya mto wake.

Jioni ile chakula kilipoa mbele yetu.

"Sitaenda," nikasema.

"Nani amekuuliza?"

"Watarudi, mama."

"Nyathina," akanong'ona, mwanangu, "mimi sikuzaa kengele."

Alichochagua mwishowe hakikuwa na sauti kabisa. Alisokota kamba ya katani, akafunga ncha moja shingoni mwa maksai mkubwa, akaipitisha kwenye tundu la ukuta, na ncha ya pili akaifunga kwenye kifundo cha mguu wake. Ng'ombe akigeuka, kamba inamvuta. "Nitaamka," alisema. Sikuthubutu kumuuliza: halafu? Nilijua. Ataamka awaone wakiondoka nao.

Homa Bay ziwa lilikuwa zuri kiasi cha kuniudhi. Siku moja mwalimu alinisifu kwamba nikisoma nasikika hadi ukuta wa nyuma. Nikalia mbele ya darasa zima, naye akadhani naona haya.

Nilirudi likizo ya Aprili, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Zizi lilikuwa tupu. Walikata kamba kwa kisu kikali, taratibu sana, na mguu wa mama haukuhisi kitu. Nilimkuta shambani amepinda mgongo, analima kwa jembe la mkono lile shamba lililokuwa la plau. Nikachukua jembe la pili. Akaninyang'anya.

"Utaharibu mikono."

"Mama, hutamaliza."

"Sitamaliza," akakubali, akaendelea kulima.

Nikalichukua tena. Safari hii hakuwa na nguvu za kuninyang'anya. Tulilima kila siku ya likizo ile, na majira ya kupanda yakatupita tukiwa katikati ya shamba.