Mama alikufa, kaka akapiga picha jua

Wakuu, kamwene. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na anayebisha aje Njombe nimwoneshe kaburi.

Mimi ni mzee, hii simu nimenunuliwa na wajukuu. Kila ukitokea msiba naona mnaposti jua linazama, chini mnaandika RIP mama. Inanikera sana.

Enzi za Mwingereza kaka yangu Ezekia alikuwa karani kwenye shamba la miwati, ile miti ya magome ya kulainishia ngozi. Bosi wake mzungu akamwachia kamera kuukuu ya boksi. Basi akaanza kujiona. Jumapili akija nyumbani anatembea nayo kifuani kama askofu na msalaba wake.

Siku moja mama, akiwa anamenya viazi mlangoni, akamwambia, "Ezekia, nipige na mimi."

"Mama, picha haipigwi na matope miguuni. Ngoja Krismasi, uvae gauni la kanisani na viatu."

Kwa hilo msimshangae. Kwetu wakati ule picha ilikuwa ya kuvaa, kusimama wima na kununa. Hata mama alikubali, akarudi kwenye viazi vyake.

Krismasi hakuifikia. Baridi ilipoingia akashikwa na kichomi, tukamzika.

Siku hiyo ya maziko watu bado wamekaa na mchungaji uani, kaka huyo kapanda kilima nyuma ya nyumba. Karani mzima! Mimi na mama mdogo tukamfuata, tukamkuta analenga jua linalozama. Akatueleza kwamba mzungu wake alifanya hivyo alipofiwa na mkewe, eti ndiyo kuomboleza kistaarabu.

Mama mdogo akamwambia, "Jua hili kesho litazama tena. Dada yangu je?"

Kaka akabonyeza hivyo hivyo. Alikuwa analia, siwezi kumsingizia, lakini machozi yake hayakunipunguzia hasira.

Mkanda tulikwenda kuusafishia Makambako, kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Tulipanda lori, vumbi mpaka kwenye meno. Yule bwana akaigeuza picha huku na huku, akatuomba radhi kwamba imeharibika, mwanga umeingia.

Kumbukeni hizo ni black and white, wakuu. Ukungu wa kijivu na doa jeupe katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa sunset yake.

Kaka akasema haijaharibika, ni kumbukumbu ya mama. Mhindi akaitazama tena, kwa adabu tu, akaifunga kwenye karatasi.

Ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni.

Sasa mdogo wetu Rahabu alikuwa bado ananyonya mama alipofariki. Alipopata akili akauliza mama alikuwaje. Kaka akamshushia ile fremu. Mtoto akakaa nayo mapajani, akawa anapapasa lile doa kwa kidole.

"Macho yake yako wapi?"

Kaka akatoka nje. Ustaarabu wote ukamwishia mlangoni.

Somo ni hili. Kama mama yako yupo, mpige picha leo, na kanga yake iliyochakaa, na unga mikononi. Habari za saluni achaneni nazo. Jua halina haja na nyinyi.

Rahabu sasa ni bibi, tunaishi wote. Juzi kaniuliza tena pua ya mama ilikuwaje, nikamjibu chochote, maana nimeshaanza kuisahau.

Karibuni kwenye comments na picha za mama zenu. Wa machweo apite kimya kimya.