Ijumaa Niliyomjibia Dada

Dada yangu alikuwa ametibiwa saratani ya titi mwaka mmoja kabla, na sote wawili tulijiaminisha kwamba imekwisha. Tuliishi ugenini, ghorofa ya sita kule South Beach, karibu na bahari. Yeye alishona mapazia, mimi nilipakia mizigo kwenye ghala moja kule viwandani Mobeni. Mgongo ulimuuma wiki nzima, na Ijumaa hiyo asubuhi nilimkuta akienda chooni huku ameshika ukuta.

"Mdogo wangu," aliniambia, "siisikii sakafu."

Hospitali walimpiga picha. Saa nane mchana nesi akatueleza kwamba saratani imerudi, imeingia kwenye mifupa na inaubana uti wa mgongo. Alihitaji mionzi haraka.

"Leo?" niliuliza.

"Eish, leo Ijumaa. Mashine inazimwa saa kumi mpaka Jumatatu. Daktari ndiye ataamua."

Sikumwamini. Nilishasumbuliwa kwenye madirisha ya vibali vya ukaazi kiasi cha kujua kwamba mtu mwenye fomu akikuuliza swali, anatafuta sababu ya kukukatalia. Niliwaona manesi wakinong'ona kaunta, wakilitazama jina letu la kigeni kwenye faili. Angekuwa mama wa Morningside, kwa matajiri, niliwaza, mashine ingezimwa?

Daktari akaja, mwanamume mwembamba mwenye haraka. "Anaweza kutembea?"

Nikahisi mtego. Nikisema anaweza, ataambiwa asubiri. Nikajibu kabla dada hajafungua mdomo: "Hawezi kabisa. Tangu Jumatano."

Nilitegemea akimbilie simu. Badala yake akashusha kalamu, akasema taratibu kwamba watamlaza, watampa dawa ya kupunguza uvimbe, na mionzi itaanza Jumatatu.

"Unaona?" nikamwambia dada kwa Kiswahili. "Walishaamua hawa."

"Wewe ndiye umeamua." Akamgeukia daktari, kwa Kiingereza chake cha kuuzia mapazia. "Asubuhi hii nilitembea. Mdogo wangu anaogopa tu."

Daktari akamshika mikono, akamsimamisha. Magoti yalimtetemeka, lakini alipiga hatua nne. Alipomrudisha kitandani alinitazama mimi.

"Miguu ikishalala siku mbili, mionzi hairudishi mengi. Huyu anayetembea bado ndiye wa kukimbizana na saa. Ndiyo maana niliuliza."

Hata hapo sikumwamini. Nilimfuata mpaka kwenye simu, nikasimama nyuma yake nikisikiliza kila neno. Alimwomba mtaalamu wa mashine asiondoke. Alimwomba mara mbili. Saa kumi na moja kasoro dada akasukumwa ndani, na nikabaki korido nikiutazama ule mlango mzito.

Jumamosi na Jumapili mashine ilikuwa imezimwa kweli. Nilikaa kando ya kitanda nikimkwaruza nyayo kila baada ya muda mfupi, nikimuuliza kama anasikia, kwa kuwa niliamini wametupa dozi moja ya kutunyamazisha. Jumapili mchana akavuta mguu kwa hasira.

"Niache, unanitekenya!"

Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Jumatatu mionzi iliendelea. Daktari alipopita, dada alimwomba radhi kwa uongo wangu, kwa sauti kubwa, ili nami nisikie. Mimi niliinama nikamvalisha soksi. Alitoka hospitali akitembelea fimbo, akaishi mwaka mmoja na ushei, akishuka mwenyewe mjini kuchagua vitambaa.