Baba alimuoa mama akiwa anakufa, na wosia wake ukasomwa na mtani aliyelala mlangoni

Vijana wa humu, na nyie wakuu wenye umri, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Kila nikifungua simu nakuta uzi wa kijana analia. Baba kafa, baba mdogo kabeba friji, shangazi kahamia. Nimechoka kusoma. Leo nasimulia mimi, mkae kimya.

Siongezi chumvi. Wengi waliokuwepo wameshatangulia, na mimi sina muda mrefu wa kukaa mbali nao. Nikiongopa watanishika huko.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kwetu Itetemia, hapo nje ya Tabora mjini. Baba alikuwa na nyumba ya bati, shamba la muhogo na karanga, ng'ombe kiasi, na mizinga ya nyuki kule porini. Kwa wakati ule huyo ni mtu.

Tatizo lilikuwa moja. Baba hakuwahi kutoa mahari ya mama.

Msicheke, ilikuwa kawaida. Mtu anamchukua mwanamke, wanaishi, wanazaa, ng'ombe watakwenda baadaye. Ila kwa mila yetu Wanyamwezi wa wakati ule, mahari isipotoka watoto si wako. Ni wa upande wa mama yao. Ukifa, mali yako wanachukua watoto wa dada yako.

Yaani sisi tuliozaliwa mle ndani, tukalima lile shamba, tulikuwa wageni. Hatukujua mpaka baba alipoanza kukohoa.

Alipoanza kukohoa ndipo Maganga akaja.

Maganga ni mtoto wa shangazi yangu, dada wa baba. Alisema amekuja kumuuguza mjomba wake. Maji hakumpelekea hata siku moja. Ila alikuwa anazunguka shamba, anagonga bati kwa fimbo kusikiliza kama lina kutu, anakwenda porini kuangalia mizinga. Jioni anakalia kiti cha baba na baba yuko hai, anakohoa chumba cha pili.

Baba alimwona. Akatuma ng'ombe kwa mjomba wangu, kaka wa mama.

Mjomba alikuja mwenyewe, kafura. "Shemeji, umekaa na dada yangu mpaka ana mvi, leo ndio unaleta mahari?"

Baba akamjibu, "Nilikuwa namwangalia kwanza kama atanifaa."

Mjomba akasema ng'ombe mmoja hana pembe. Baba akasema na dada yako kuna meno hana sasa hivi, sikulalamika. Wakaelewana.

Nilidhani mama atafurahi, maana tumekuwa watoto wa baba. Mama alikuwa anapepeta karanga. Hakuinua uso.

"Baba Kashindye," alimwambia (Kashindye ndio mimi), "watoto umewapatia nyumba. Na mimi umenipeleka wapi?"

Baba akamuuliza ana maana gani.

"Jana nilikuwa mtu wa kwetu. Leo nimetolewa ng'ombe, nimekuwa mtu wa ukoo wenu. Ukifa, narithiwa. Na wa kunirithi ndio yule pale kwenye kiti chako."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mila ile ile iliyotuokoa sisi ilikuwa inamkabidhi mama kwa Maganga, kama jembe.

Baba akasema, "Sikuachii kwa mtu."

Mama akamwambia, "Usiniambie mimi. Siku hiyo nitakuwa nalia, nani atanisikiliza? Mwambie mtu ambaye hakuna wa kumnyamazisha."

Vijana, mngekuwa nyie mngewaita wazee wa ukoo. Wazee wa ukoo ni wajomba zake Maganga, wako upande wake. Na kalamu baba alikuwa hajui kuishika.

Akamwita Mzee Kondo.

Kondo alikuwa Mzaramo. Babu yake alipanda na misafara kutoka Pwani, miguu ikamchokea Tabora, akaoa, akabaki. Sisi na Wazaramo ni watani tangu njia ile ya kubeba mizigo. Mtani akija msibani anasema anachotaka, anachukua anachotaka, na humkasirikii. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

Baba akaongea naye mchana kweupe, mlango wazi, Maganga akiwa uani. Maganga alisikia wanacheka tu. Akajua mgonjwa anapoteza mawazo.

Baba alifariki wakati wa kuvuna karanga.

Siku ya kuzika, watu wamejaa, wanataka kutoa mwili. Mzee Kondo akaja amevaa koti la baba na kofia ya baba, akalala chali mlangoni. Akaanza kukohoa. Kikohozi kile kile cha baba, na ile kujikuna shingo baada ya kukohoa. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, na sikuwa peke yangu.

"Nani kawaambia nimekufa?" akasema. "Nimekuja kulala hapa, kiti changu kina mtu."

Watu wakaangua kicheko. Maganga naye akacheka, angefanyaje.

"Shemeji yuko wapi? Ng'ombe zangu ulipokea?"

Mjomba akaitikia mbele ya watu wote, "Nilipokea."

"Na yule asiye na pembe?"

"Na yeye."

"Basi watoto ni wangu. Nyumba, shamba na ng'ombe ni vyao. Maganga, umeitembelea sana mizinga yangu. Chukua ule wa kwenye mninga mkubwa, wenye nyuki wakali, mnafanana." Akakohoa. "Mke wangu simwachii mtu. Anakaa humu ndani mpaka achoke mwenyewe. Anayemtaka, anifuate huku ninakokwenda, tuzungumze."

Maganga akaacha kucheka. Akamrukia Kondo, akamkwida koti. "Wewe Mzaramo una nini na ukoo wetu? Vua!"

Mzee mmoja wa ukoo, wa upande wake Maganga mwenyewe, akasema, "Unapigana na mtani? Msibani?"

Maganga akatozwa mbuzi pale pale, na kuanzia hapo alichosema hakikuwa na msikilizaji.

Baadaye akapeleka shauri kwenye baraza la mtemi. Mashahidi wakaitwa mmoja mmoja. Kila mmoja aliyatoa maneno yale yale kama yalivyo, na walipofika kwenye kikohozi, wakakohoa. Shauri likaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mama alikaa kwenye nyumba yake hadi alipozeeka, na hakurithiwa na mtu.

Nilichojifunza ni hiki. Baba hakuficha. Alichagua msemaji asiyepata hata mbegu ya karanga, na maneno yakasemwa mbele ya yule yule atakayeyapinga. Nyie mnawanong'oneza wake zenu chumbani, halafu mnakufa.

Siku hizi sheria zipo. Nendeni kwa wakili, andikisheni, wekeni mashahidi ambao si warithi. Mimi nimeshakwenda. Nilisaini, wakaniwekesha na dole gumba.

Kwenye komenti semeni kwenu wosia unatunzwa na nani. Na wa kuniambia "bibi hii ni chai", hiyo chai akainywe kwa mama yake.

Nyumbani kwangu nilishawakalisha wanangu na wajukuu, nikawapa amri. Siku yangu ikifika, karatasi iko kwa wakili, lakini asiguse mtu hata sufuria mpaka mjukuu wa Kondo aje. Mpeni khanga yangu ya kijani, alale mlangoni, aniige anavyotaka. Na wa kwanza kukasirika hana fungu.