Mkono wa Wilkin

Eneroliza anakaanga yanikeke, zile chapati zetu nyembamba, pale langoni mwa uwanja wa besiboli wa San Pedro, na hakuna anayeumizwa na timu yetu kama yeye. Msimu huu ilimtesa kwelikweli. Leo inashinda, kesho inachapwa na vibonde.

"Hawa wataniua kwa presha," alikuwa akilalamika.

Halafu akarudi likizo Wilkin, kijana wa mtaani kwetu anayerusha mpira katika klabu moja huko Marekani. Akaichezea timu yetu, na kila aliporusha yeye, tulishinda. Eneroliza akaanza tena kuimba kazini.

Ikabaki mechi moja tu tuingie fainali. Asubuhi redio ikatangaza kwamba Wilkin hachezi. Klabu yake ya Marekani imepiga simu, inataka mkono wake wa kulia, anaorushia, upumzike.

"Upumzike? Kwani umelima?" Eneroliza akafoka.

Muuza kahawa wa jirani, shabiki wa wapinzani, akacheka. "Pole, dada. Mwakani tena!"

"Mwakani ukomae na kahawa yako mbovu!"

Tulichapwa tisa bila. Watu walipokuwa wakitoka, Wilkin akaja kwenye meza ya Eneroliza, macho chini.

"Mama, nisamehe. Nilitaka kucheza, wamenikataza."

"Najua, mwanangu."

Eneroliza akaopoa yanikeke kubwa, bado inachuruzika mafuta, akaifunga kwenye karatasi. Wilkin akanyoosha mkono wa kulia. Eneroliza akaivuta nyuma.

"Pokea kwa kushoto," akamwambia. "Huo una wenyewe, usije ukawaunguzia."